Shajara ya mradi: kadi za Kiingereza cha dibeti kwa wanaoongea Kirusi

Mmekuwa mkiniuliza zile kadi nimezitengenezaje, basi naweka kila kitu hapa na nitaongeza kila hatua ikiisha, anayetaka kunakili anakili tu. Nasoma Voronezh, kusini mwa Moscow kama kilomita 500 hivi, na Jumamosi jioni nasaidia klabu ya dibeti ya Kiingereza ya wanafunzi. Wengi ni Warusi, wapo wa Kazakhstan na Kyrgyzstan, Kirusi ndio kinawaunganisha wote. Sarufi ya Kiingereza wanaijua kuliko mimi, ila wakianza kubishana kinachotoka ni Kirusi kilichovalishwa maneno ya Kiingereza. Nataka seti ya kadi za simu na za karatasi, maneno ya kudai, kupinga, kukubali nusu, kuuliza, kufunga hoja. Kila neno liwe na maelezo ya Kirusi yanayomfaa mtu aliyekulia kwenye Kirusi, sio tafsiri ya kamusi.

21 Septemba 2024: orodha ya kwanza

Nimeanza kivivu. Safu mbili kwenye Excel, Kiingereza kushoto Kirusi kulia, maneno niliyookota kwenye rekodi za dibeti. Tunacheza mtindo wa bunge la Uingereza, timu nne za watu wawili wawili, kila mtu dakika 7, mada inatolewa dakika 15 kabla, na katikati ya hotuba yako wapinzani wanasimama kuchomekea swali, isipokuwa dakika ya kwanza na ya mwisho. Mada zinaanza na "This house", ambayo wenyeji wanaiita "eta palata", na palata hiyo hiyo ni wodi ya hospitali, kwa hiyo wageni kwenye klabu siku ya kwanza huwa wanacheka kidogo.

Sasa mafaili. Nilihifadhi CSV, yaani faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa safu, nikaingiza kwenye Anki, programu ya kukariri kwa kadi, Kirusi chote kikageuka herufi za ajabu ajabu. Sababu ni kwamba Excel kwenye Windows ya Kirusi ukihifadhi CSV ya kawaida inatumia usimbaji wa zamani, Windows-1251, na Anki inataka UTF-8. Ukishavuka hapo kuna mtego wa pili, Warusi desimali wanaandika kwa koma, kwa hiyo Excel yao inatenganisha safu kwa nukta mkato, na Anki ikidhani ni koma inakulundikia mbele na nyuma ya kadi upande mmoja. Dawa: kwenye kuhifadhi chagua ile iliyoandikwa CSV UTF-8, halafu kwenye Anki weka nukta mkato kwa mkono. Imekula jioni yangu nzima hii, nyie itawachukua dakika mbili.

Gharama mpaka hapa sifuri. AnkiDroid ya Android ni bure. Ya aifoni ni ya kulipia, na tangu Machi 2022 Visa na Mastercard zilipojitoa, kadi ya benki ya hapa hainunui kitu nje, kwa hiyo wenye aifoni nimewapeleka AnkiWeb kwenye brauza, nayo ni bure.

5 Oktoba 2024: "argument" imetuharibia

Neno la kwanza kuleta balaa ndilo lililobeba mradi wenyewe. Warusi wanalo, "argument", ila kwao ni ile sababu unayoitoa tu, ugomvi haumo kabisa. Kubishana ni "spor", na mkifika kununiana ni "ssora". Kwenye orodha yangu kulikuwa na kadi inayosema argument ni spor na nyingine inayosema argument ni argument, kila mtu akashika anayoipenda. Binti mmoja wa mwaka wa tatu akamwandikia mwalimu wa nje anayemsaidia kazi yake: "I have an argument with you about the deadline." Alitaka kusema ana hoja ya kumpa kuhusu tarehe ya mwisho, maskini, mwalimu akamjibu kwa upole mno akimuuliza amemkosea nini.

Na spor nayo ina mambo yake. Mrusi akikwambia "sporim!" hakutafutii ugomvi, anataka mwekeane dau. Ndio maana nikasikia "let's argue for one hundred roubles" na nikachukua muda kuelewa kwamba anataka tubet.

Marekebisho: kadi za neno moja nimezifuta zote. Sasa mbele ya kadi kuna sentensi ya Kirusi ambayo mtu angeisema kweli, nyuma kuna sentensi ya Kiingereza nzima. Kwa argument zipo tatu, "make an argument" ni kutoa hoja, "have an argument" ni kukwaruzana, na "I bet you" imekaa peke yake kwenye ile ya sporim. Kitenzi kinachokaa mbele ndicho kinachoamua, na hicho kwenye orodha ya safu mbili hakionekani.

19 Oktoba 2024: maneno ya sura moja

Haya nimeyamaliza haraka maana yanajulikana. "Aktualny" ni jambo linalogusa watu sasa hivi, kwa hiyo "a very actual problem" inaondoka, inakuja "pressing" au "topical". "Perspektiva" mara nyingi ni matarajio ya mbele, kwa hiyo anayesema "this country has no perspective" anamaanisha "prospects". "Pretenziya" ni malalamiko, na "I have pretensions to you" nimeisikia kwa masikio yangu, sahihi ni "I have a complaint". Bilioni yetu wao ni "milliard", angalieni sana mkitaja bajeti.

Iliyonichekesha ni "dekada". Kirusi cha kawaida hiyo ni siku kumi, kama sisi tunavyosema kumi la mwisho la Ramadhani. Mpinzani anasema "over the last decade" shule zimebadilika, jamaa akasimama na swali lake, anataka kujua siku kumi zilitoshaje. Mwenzake alimvuta shati akae.

9 Novemba 2024: kujaribu na kufanikiwa

Hapa nimekaa wiki nyingi na ndipo penye faida kubwa, kama utanakili kitu kimoja nakili hiki.

Kila Jumamosi nilikuwa nasikia kitu kama "I proved him one hour, but he didn't agree." Mwanzoni nilisahihisha kijumla, "say argued," wakaandika, Jumamosi inayofuata yale yale. Nikaongeza kadi ya "prove", nikaongeza ya "persuade", ikawa mbaya zaidi maana sasa wakasema "I persuaded him, but he refused", ambayo kwa Mwingereza haiwezekani, kama umem-persuade basi kishakubali.

Mpaka nilipowaomba waniambie kwa Kirusi walichotaka kusema. Kumbe vitenzi vyao vinatembea viwili viwili, kimoja cha tendo likiendelea na kimoja cha tendo lililofika mwisho. "Dokazyvat" na "dokazat". "Ubezhdat" na "ubedit". "Ugovarivat" na "ugovorit". Mtu anaweza kusema "ya ubezhdal, ubezhdal i ne ubedil", yaani nilimshawishi nikamshawishi lakini hakushawishika, na kwa Kirusi hiyo imenyooka kabisa kwa sababu cha kwanza ni kujaribu na cha pili ni kufanikiwa. Wakija kwenye kamusi, vyote viwili wanapewa "prove", vyote viwili "persuade". Kamusi inawapa matokeo wakati wao wanataka juhudi.

Na sisi tusiwacheke. "Nilimshawishi akakataa" kwa Kiswahili inapita bila mtu kushtuka, kwa hiyo Mswahili naye akiingia kwenye "persuade" anaanguka shimo hilo hilo. Mkenya mshkaji wangu wa obshaga, yaani hosteli, alizisoma kadi akasema "msee, hii ni yangu kabisa", akaomba seti yake.

Marekebisho: kadi za jozi. Mbele naweka Kirusi chenye vitenzi vyote viwili, nyuma Kiingereza chenye maneno mawili tofauti. Kwa kujaribu: "argue that", "try to convince", "urge", "make the case that". Kwa kufanikiwa: "prove", "show", "convince", "persuade", "talk him into it". Kirusi kikiwa cha kuendelea hauruhusiwi kuchukua neno la kundi la pili bila "try" mbele yake. Basi. Kanuni haina urembo ila mtu anaweza kuitumia akiwa amesimama na saa inakimbia, na kwenye dibeti ina uzito kweli, maana anayesema "we have proved" wakati amedai tu, jaji anaandika na mpinzani anashangilia.

Jirani yake nimeweka "evidence". "Dokazatelstvo" inahesabika, moja, mbili, tatu, na hilo hilo ndilo "proof" na ndilo "evidence". Wakawa wanasema "we have three evidences." Kadi: "three pieces of evidence", na chini yake mstari mmoja tu, ushahidi unaelekeza, "proof" inafunga mjadala.

30 Novemba 2024: heshima, na mgogoro wa klabu nzima

Nilileta kadi za kupinga kistaarabu. Kirusi "vy ne pravy" ni sentensi ya kawaida, unamwambia mtu mezani na mnaendelea kunywa chai. Ukiibeba kama ilivyo, "you are not right", au mbaya zaidi "you are wrong", kwenye kikao cha kazi na Waingereza umeshakwaza watu. Kwa hiyo nikapanga ngazi: "I'm not sure that follows", "I take your point, but", "I see it differently".

Wakagoma. Jamaa kutoka Bishkek, Kyrgyzstan, akasema huu ni unafiki uliopakwa sukari, kama sikubali kwa nini niseme nimechukua pointi yako. Mwingine akauliza kwenye dakika 7 anapata wapi muda wa kubembeleza. Na kusema ukweli huyu wa pili alikuwa na hoja, kwenye mtindo wetu jaji hapimi upole, "that is false, for two reasons" inakubalika kabisa mradi sababu zije. Kadi zangu zilichanganya ukumbi wa dibeti na ofisi.

Nimezitenga sasa kwa rangi. Za bluu ni za jukwaani, fupi na kavu, "that simply doesn't follow", "even if we accept that", "they have conceded that". Za njano ni za kikao, barua na jikoni obshaga. Kwa hizi za njano mgomo ulikwisha nilipowaeleza kwamba Mwingereza akisema "with respect" mara nyingi kinachofuata hakina heshima hata kidogo. Hapo wakazipenda, wakaona kumbe ni kijembe kwa lugha laini, mmoja akaanza kuitumia kila sentensi ya pili mpaka tukamnyang'anya.

Kwenye njano ipo pia "konechno". Kwa Kirusi ni ndiyo yenye uchangamfu, "Maktaba iko wazi leo?", "konechno!" Ukiijibu kwa "of course" Mwingereza anasikia unamwambia ameuliza swali la kijinga. Kadi inasema tumia "yes, it is". Ukiombwa ruhusa ya kitu, hapo "of course" ni sawa.

1 Februari 2025: kuondoa utando wa shule

Januari hakuna kilichofanyika, ni msimu wa mitihani hapa, wanauita sessiya, klabu inafungwa.

Nimerudi na swali la kwa nini hotuba zao zote zinaanza sawa. "To my mind." "As for me." Halafu "I cannot agree with this statement because." Jibu liko kwenye EGE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ambao ni wa lazima nchi nzima tangu 2009, Kiingereza mtu anachagua mwenyewe. Mpaka 2021 insha ya Kiingereza ilikuwa maneno 200 mpaka 250, na mpangilio wake, toa maoni, taja ya wanaopinga, sema hukubaliani nao, funga. Watoto walikaririshwa hivyo vifungu miaka, viliwapa alama, siwezi kuwalaumu. Tatizo ni kwamba vinakula sekunde na havisemi kitu.

Nilijaribu kuvipiga marufuku. Haikufanya kazi, mtu akinyimwa "to my mind" anakwama mdomo wazi kama televisheni iliyokatiwa umeme. Kilichofanya kazi ni kumpa kitu cha kushika mahali pale pale: "Our claim is simple", "Here's why", "Two things on that". Fupi, na zinamlazimisha aseme kinachofuata ni nini.

Kwenye kundi hili nimeweka na vile vihusishi vinavyotoka Kirusi moja kwa moja. "Ya soglasen" ni kama kusema mimi ni mwenye kukubali, ndio inazaa "I am agree". "Uveren v" inazaa "sure in", "somnevatsya v" inazaa "doubt in". Na "s odnoy storony, s drugoy storony" inazaa "from one side, from the other side", ambayo mimi mwenyewe sikuisikia kama kosa kwa muda mrefu maana na sisi tunasema kwa upande mmoja na kwa upande mwingine. Waingereza tu ndio wanahesabu mikono: "on the one hand, on the other hand".

22 Februari 2025: karatasi na pesa

Za simu watu wanazifungua kwenye basi, klabuni wanataka kitu cha kushika. Steshenari ya karibu na chuo inachapa rubli 10 kwa ukurasa wa kawaida na 25 kwa karatasi nene, nimechukua nene, kadi nane kwa A4, pande mbili. Mzigo wa kwanza ulitoka kinyume, mbele ya "prove" nyuma ya "dekada", kwa sababu printa inageuza karatasi kwa upande mrefu na faili langu lilipangwa kwa upande mfupi. Chapeni ukurasa mmoja wa majaribio kwanza jamani, ni rubli 50 pande mbili, mimi nimetupa mafungu mazima. Jumla pamoja na hasara ni kama rubli 2,400. Laminesheni niliiacha, inapandisha bei mara mbili na kadi zinateleza mkononi.

15 Machi 2025: mipasho

Kundi la mwisho, mbinu chafu. Hapa Kirusi kina majina mazuri kuliko Kiingereza kwa maoni yangu. Kumshambulia mtu badala ya hoja ni "perekhod na lichnosti", kuhamia kwenye nafsi za watu, sisi tungesema mipasho. Mpinzani akibadilisha ulichosema ili apate kirahisi cha kupiga, wanasema "podmena tezisa", kwamba dai limebadilishwa kisirisiri. Mbele ya kadi nimeweka majina yao, nyuma "that's an attack on the speaker, not the argument" na "that is not what we said". Nimeacha "straw man" na "ad hominem" chini kwa herufi ndogo, wanazijua wote na wakizipata wanazitupa kama mawe bila kueleza.

Halafu kuna "sam durak", mjinga mwenyewe, na mjomba wake wa kimataifa, "a u vas negrov linchuyut", msemo wa enzi za Sovieti, yaani na kwenu mnawanyonga weusi. Siku hizi wanausema kwa kejeli, kumcheka mtu anayeambiwa kasoro yake naye anakimbilia ya mwenzake. Mimi nimekaa hapo mbele, walipofika kwenye huo mfano wakaanza kutazama dari, nikawaandikia mwenyewe ubaoni tuendelee na kazi. Nyani haoni kundule ingekaribia lakini si sawa, maana hapa nyani anayaona yote mawili, anachagua tu la kulitaja. Kiingereza "whataboutism" ipo, ila jukwaani ukiitamka ndio nawe umerusha jina tu. Kadi inasema: "That may well be true. It doesn't answer the point." Ya kwanza unaisema kwa sauti ya chini, ya pili unasimama.

12 Aprili 2025: "yes" na "no"

Nilidhani nimemaliza. Kwenye mechi ya mazoezi mpinzani anachomekea: "So you don't support a ban?" Msemaji wetu, "Yes!" Ukumbi ukagawanyika, timu yake yenyewe ikageuka kumwangalia.

Kirusi kinaruhusu njia mbili, "da, ne soglasen" na "net, ne soglasen" zote utazisikia. Kiingereza kinataka "no" ikifuatwa na "we don't". Mimi ndio wa mwisho kumsaidia mtu hapa, maana Mswahili ukimuuliza "hukubali?" anajibu "ndiyo, sikubali" bila wasiwasi, na yule Mkenya aliniambia hilo limemsumbua hadi kwenye usaili wa kazi. Kuwafundisha kanuni tulijaribu, wanaielewa wakiwa wamekaa, wakisimama inapotea. Kwa hiyo kadi imekata mzizi: swali la kukanusha usilijibu kwa "yes" wala "no", anza na mwenyewe, "We don't." "We do, actually." "Correct, we don't, and here's why."

Imewaingia baada ya Jumamosi chache. Kinachobaki ni "isn't it" na ndugu zake mwisho wa sentensi, ambazo kwa Kirusi zote wanazimalizia kwa "da?" moja, kwa hiyo kwa sasa wanauliza "you support it, yes?" na nimewaachia, inaeleweka. Nitalirudia suala hilo baada ya sessiya ya Juni, na kabla ya hapo nitachapa upya za bluu maana nyingi zimeibiwa.